Mchoro Uliorudishwa Mara Tatu

Mara ya kwanza ulirudi na wino mwekundu pembeni:
"Maji ya mvua yanakwenda wapi?"
Shekiondo wa ghorofa ya pili,
mtu wa kalamu moja na miwani mbili,
hakuandika lingine.
Nikasema moyoni, yanakwenda yanakokwenda maji,
chini.
Nikachukua karatasi zangu, nikashuka ngazi,
nami nikawa maji.

Kiwanja chenyewe ni ua wa zahanati, Sahare.
Daktari anataka ukoka wa kijani
kama aliouona kwenye kalenda.
Mita anayo. Maji, siku tatu kwa wiki.
Nilimchorea ukoka. Nilichora na benchi, na watu wamekaa.
Mteremko sikuuchora:
ardhi niliiona bapa kama sinia.

Mara ya pili: "Kontua za sasa kwa mstari wa nukta,
kontua zijazo kwa mstari mzima.
Kimo cha sakafu. Kimo cha lango. Kimo cha jirani."

Kimo cha jirani!
Jirani ana kimo gani katika ua wa mtu?

Ndipo nikamtafuta fundi Singano.
Akaja na mpira mwangavu wa mita ishirini,
akaujaza maji, akaziba ncha kwa kidole gumba,
akaniambia shika huku, usipandishe, usishushe, nyamaza.
Maji yakapanda kwangu, yakashuka kwake,
yakasitasita, yakatulia.
"Haya hayamjui daktari wala manispaa," akasema. "Andika."
Asubuhi nzima tukatembea na ule mpira
kama watu waliobeba nyoka mgonjwa,
kigingi kwa kigingi,
na sinia langu likaanza kupinda:
sentimita tisa hapa, kumi na nne pale,
na kona ya mashariki, thelathini na moja,
imeinama polepole, kwa adabu,
moja kwa moja kwenye jiko la Bi Mwanjaa.

Bi Mwanjaa alikuwa anapepeta mchele.
"Mmekuja kupima leo?
Mimi napima kila masika. Njoo."
Akanionyesha ukutani mistari ya matope,
mmoja juu ya mwingine, mwaka juu ya mwaka,
kontua zilizochorwa na maji yenyewe
bila skeli, bila mshale wa kaskazini,
na ule wa juu kabisa
umefika kwenye mfuniko wa pipa la unga.
Nikaomba ruhusa ya kuchukua vipimo.
"Chukua. Wewe angalau umebisha hodi."

Nilirudi mezani, nikafuta ukoka.
Ardhi ikimbie ukuta wa zahanati,
kila mita moja ishuke sentimita mbili.
Mashariki lichimbwe bakuli, kina cha goti,
na udongo wake uinue njia ya wagonjwa:
usitoke mkokoteni hata mmoja, usiingie hata mmoja.
Udongo mweusi wa juu ulazwe kando, ufunikwe,
urudishwe wa mwisho.
Mkilua uliopo ubaki; shina lisifukiwe.
Mishubiri palipo pakavu, mchaichai ukingoni mwa bakuli,
na juu ya yote makapi ya katani,
magunia ya njia ya Pongwe, yanayonuka siku tatu
kisha yanatunza unyevu mwezi mzima.

Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema hayaelekezeki.

Mara ya tatu Shekiondo alisoma kwa kidole,
kimo hadi kimo, kona ya mashariki kikasimama.
"Na hii, 'Ukuta wa Mwanjaa, alama ya masika', ni nini?"
Nikamwambia: kimo cha jirani.
Akavua miwani hii, akavaa ile.
Akaangalia tena, muda mrefu kuliko kawaida yake.
Akaurudisha.
"Umesahau sahihi."

Vuli ilipoanguka sikwenda Sahare. Niliogopa.
Singano ndiye aliyepiga simu:
bakuli limejaa alfajiri,
adhuhuri limekwisha kuyanywa.
"Na kwa Bi Mwanjaa?"
"Anapepeta.
Ila daktari analalamika."
"Analalamikia nini?"
"Vyura."